Aliyezaliwa haoni akianza kuona, atavitambua kwa macho vitu alivyovizoea kwa mikono?

Swali la msomaji wa Tanga, kwa kifupi:

"Mwalimu, shikamoo. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 9. Alizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mpaka leo anatofautisha mwanga na giza, basi. Mwezi ujao atafanyiwa upasuaji. Hapa nyumbani hakuna asichokijua kwa mikono: kikombe chake, kete za bao za babu yake, mbuzi ya nazi, hata chungwa na limau hakosei. Mjomba anasema siku bandeji ikitolewa atavijua vyote kwa macho, maana tayari anavijua. Mimi nina shaka, ila nashindwa kuieleza. Nani yuko sahihi? Na kama hatavitambua, hicho alichokuwa akikijua miaka yote hii kilikuwa nini?"

Marahaba, dada yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya upasuaji, kwa sababu jibu litagusa namna mtakavyokaa na mtoto siku zile za mwanzo.

Kwa ufupi, mjomba amekosea kuhusu siku ya kwanza, lakini hajakosea kuhusu mtoto. Bandeji ikitolewa, uwezekano mkubwa ni kwamba hataweza kukwambia kwa macho peke yake kipi ni kikombe na ipi ni mbuzi ya nazi. Siku au wiki chache baadaye ataanza kuweza. Wepesi huo wa kujifunza ndio unaonizuia kukubali kwamba alichokuwa akikijua kwa mikono kilikuwa kitu kingine kabisa. Swali lako la pili ndilo zito zaidi, nami nitakaa nalo zaidi, lakini kwanza lazima tupite kwenye hilo la kwanza.

Hoja ya mjomba ina ukoo mkubwa kuliko anavyodhani. Katika karne ya 12, Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki Marrakesh mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani. Katika utangulizi wake anatutaka tumfikirie mtu aliyezaliwa kipofu lakini mwenye akili kali na kumbukumbu nzuri. Mtu huyo amekulia katika mji mmoja. Anawajua watu wake, wanyama wake, vichochoro na masoko yake, mpaka anatembea bila kushikwa mkono. Na rangi anazijua kwa majina na maelezo aliyopewa. Kisha anafunguliwa macho, anauzunguka mji mzima, na hakuti kitu chochote kinachokwenda kinyume na alivyoamini. Yameongezeka mambo mawili tu: uwazi mkubwa zaidi na furaha kubwa. Ibn Tufayl hakuwa akichunguza macho ya mtu. Alitaka kuonyesha tofauti kati ya kuijua kweli kwa hoja na kuishuhudia mwenyewe. Hata hivyo mfano wake umesimama juu ya fikra ileile ya mjomba: ukishakijua kitu, mlango wowote wa fahamu utakaofunguka baadaye utakikuta kilekile.

Na zaidi ya miaka mia moja kabla yake, Ibn al-Haytham, mtaalamu wa elimu ya mwanga, akiwa Cairo, alikuwa ameshaweka msingi wa jibu jingine. Katika Kitab al-Manazir, kitabu chake juu ya mwanga na kuona, alieleza kwamba jicho, kwa hisi tupu, hupokea mwanga na rangi tu. Umbali, ukubwa, umbo, mwendo na mengi tunayodhani tunayaona moja kwa moja hupatikana kwa akili kulinganisha, kukumbuka na kukata hukumu, tena kwa kasi ambayo mwenyewe hujui kwamba umehukumu. Anataja mtoto mdogo anayeonyeshwa matunda mawili, moja zuri kuliko lenzake, naye akachagua lililo zuri. Mtoto huyo amepima na kuamua bila kujua kwamba kuna kitu kinachoitwa kupima. Ukiichukua hoja hii kwa uzito, mtu aliyefunguliwa macho leo ana mwanga na rangi, lakini zile hukumu za haraka bado hajazipata. Shaka yako, dada, iko hapo.

Swali lenyewe, karibu kama ulivyoliuliza, liliandikwa Dublin mwezi Julai 1688. Mwandishi wake, William Molyneux, alikuwa mtaalamu wa elimu ya mwanga na lenzi, na mkewe Lucy alikuwa amepoteza uwezo wa kuona muda mfupi baada ya ndoa yao. Sidhani ni bahati tu kwamba swali hili lilitoka katika nyumba ile. Alimwuliza mwanafalsafa Mwingereza John Locke hivi: tumchukue mtu aliyezaliwa kipofu, sasa ni mtu mzima, na kwa kugusa amejifunza kutofautisha tufe na mchemraba vya madini ya aina moja na ukubwa unaokaribiana. Akifunguliwa macho na vitu hivyo vikawekwa mezani, je, kabla ya kuvigusa, ataweza kusema lipi ni tufe na upi ni mchemraba? Barua ya kwanza haikujibiwa. Aliuliza tena mwaka 1693, wakati huo wakiwa marafiki, na Locke akaliingiza swali katika toleo la pili la kitabu chake kikuu, mwaka 1694. Wote wawili walijibu hapana. Mtu huyo anajua jinsi pembe ya mchemraba inavyokichoma kiganja, walisema, lakini bado hajajua kwamba kinachochoma kiganja namna ile lazima kionekane machoni namna hii.

Mwaka 1709 George Berkeley, mwanafalsafa naye wa Ireland, alikwenda mbali zaidi. Kwake, umbo la mkononi na umbo la machoni ni vitu viwili visivyo na undugu wowote. Tunaviita kwa jina moja kwa sababu tu tumezoea kuvipata pamoja. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani aliyeandika majibu yake kwa Locke mwanzoni mwa miaka ya 1700 (yalichapishwa 1765, mwenyewe akiwa ameshafariki), alijibu ndiyo, ila kwa sharti. Mtu huyo aambiwe kwamba mezani kuna tufe na mchemraba, kisha aachwe afikiri. Tufe halina sehemu inayotofautiana na nyingine, mchemraba una pembe nane. Mwenye akili timamu atachambua na kupata. Mimi naipenda sana nafasi hii ya Leibniz, kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo wengine waliyachanganya: kukijua kitu papo hapo ukikitazama, na kukifikia kwa hoja.

Kisha likaja tukio lililowafanya wanafalsafa waache kubahatisha. Mwaka 1728 mpasuaji wa London, William Cheselden, alichapisha maelezo ya kijana wa miaka kama 13 aliyekuwa haoni tangu utotoni, ambaye alimwondolea mtoto wa jicho. Mwanzoni kijana alidhani kila anachokiona kinagusa macho yake, kama vile anachokishika kinavyogusa ngozi. Hakutambua umbo la kitu chochote, wala hakuweza kukijua kitu kimoja mbali na kingine, hata kama vilitofautiana sana kwa umbo na ukubwa. Alikuwa akimsahau paka na mbwa wa nyumbani, yupi ni yupi, na akiona haya kuuliza kila mara. Siku moja alimkamata paka, ambaye kwa mikono alimjua vizuri, akampapasa huku akimkazia macho, kisha akamwachia na kumwambia kwamba safari nyingine atamjua. Miezi miwili ilipita kabla hajagundua kwamba picha za ukutani zinaonyesha watu na vitu. Mpaka wakati huo aliziona kama mabaka ya rangi. Alipogundua, alizigusa akitarajia zina mabonde na miinuko, akakuta ni bapa. Akauliza: hisi ipi inadanganya, ya kugusa au ya kuona?

Nikisoma habari ya paka yule hupata mambo mawili. La kwanza ni kwamba Locke na Molyneux walikuwa na haki kuhusu siku za mwanzo. La pili, ambalo wengi huliruka, ni kwamba kijana alijua afanye nini. Hakuanza kujifunza paka upya. Alimshika na kumtazama kwa wakati mmoja, akiunganisha paka anayemjua na paka anayemwona. Mtu asiyekuwa na kitu cha kuunganisha hawezi kufanya hivyo.

Denis Diderot, Mfaransa aliyeandika juu ya vipofu mwaka 1749, aliona kasoro katika majaribio kama haya. Jicho lililotoka gizani linahitaji muda ili lenyewe lianze kufanya kazi, alisema, kwa hiyo ukimsaili mtu siku ileile unalisaili jicho kabla halijawa tayari. Tena inategemea unamuuliza nani: mtu wa kawaida, mwanafalsafa na mwanahesabu hawatajibu sawa. Namheshimu Diderot kwa jambo moja zaidi: aliwasikiliza vipofu wenyewe. Alimuuliza kipofu mmoja wa mji wa Puiseaux kama angefurahi kupata macho, naye akajibu kwamba angependelea mikono mirefu, ambayo ingemweleza yanayotokea mwezini vizuri kuliko macho na darubini za wenye kuona. Mpwa wako si chombo kilichopungua, naye ana ujuzi kamili wa nyumba yake.

Jaribio lenye nidhamu lilikuja karne hii, India. Pawan Sinha, mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, aliuanzisha Mradi wa Prakash unaowatafuta watoto waliozaliwa bila kuona kwa sababu zinazotibika, wakapasuliwa, kisha wakikubali wakafuatiliwa. Mwaka 2011 yeye na wenzake walitoa matokeo ya watoto 5 wa miaka 8 hadi 17 waliopimwa ndani ya saa 48 baada ya upasuaji. Maumbo yalikuwa kama matofali ya kuchezea ya watoto, makubwa kiasi cha kuonekana na macho yale mapya. Mtoto alipewa umbo moja, kisha akapewa mawili na kuombwa achague lile la kwanza. Alipogusa kisha akachagua kwa kugusa, alipata asilimia 98. Alipotazama kisha akachagua kwa kutazama, alipata asilimia 92, maana yake macho yalitosha kwa kazi hiyo. Alipogusa kisha akatakiwa kuchagua kwa kutazama tu, alishuka mpaka asilimia 58, na mtu anayebahatisha tu hupata 50.

Kwa hiyo Molyneux alijibiwa, miaka 323 baada ya barua yake, na jibu ni hapana. Sehemu ya pili ya habari hiyo hutajwa kwa nadra. Baadhi ya watoto walipopimwa tena baadaye, mmoja wao baada ya siku 5 tu, walikuwa wamepanda sana. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamerudi kwenye maisha yao ya kila siku, wakishika na kutazama.

Wapo wanaosema kwamba jaribio hili bado halijalifunga swali, nami nadhani hoja yao ina uzito. Ili ulinganishe picha mbili unazoziona hulazimiki kuliona umbo. Inatosha kulinganisha mabaka ya rangi na kingo. Huenda basi ile asilimia 92 haionyeshi kwamba watoto waliona matofali yakiwa matofali. Na kama hawakuliona umbo bado, hatujajua kama wangelitambua.

Watafiti wa mradi huohuo wametupa sababu nzuri ya kuichukulia hoja hii kwa uzito. Mwaka 2009 walieleza jinsi watu walioanza kuona karibuni wanavyoipasua picha vipande. Ukiwaonyesha mistari ya mraba na duara vilivyopandana, wanahesabu vitu vitatu, kwa sababu ile sehemu ya katikati wanaiona kama kitu kinachojitegemea. Kila baka la rangi au kivuli linasimama peke yake. Msikilize mtu anayeongea haraka lugha usiyoijua hata kidogo: sauti zote zinakufikia, lakini huwezi kusema neno hili limeishia wapi na lile limeanzia wapi. Mtoto aliyefunguliwa macho yuko hapo kwa upande wa vitu. Kikombe juu ya mkeka, kivuli cha kikombe, ua lililochorwa kwenye kikombe, msuko wa mkeka: vyote vinamfikia, lakini hajui kipi ni cha nani. Kisha kitu kikisogea, mabaka yanayosogea pamoja yanajikusanya na kuwa kitu kimoja, na watu walewale walioshindwa na picha tuli walifanya vizuri zaidi picha zilipotembea. Naamini hii ndiyo njia kuu ambayo jicho huanza kupata vitu.

Wala si kweli kwamba jicho huanza bila chochote. Mwaka 2015 walitoa matokeo mengine yaliyonishangaza. Chora mistari miwili inayokaribiana kadiri inavyopanda, kama reli zinazokwenda mbali, kisha weka juu yake vijiti viwili vilivyolingana, kimoja juu na kimoja chini. Sisi huona cha juu kuwa kirefu zaidi. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba tunadanganyika hivyo kwa sababu ya uzoefu wa miaka wa kuona barabara na vyumba. Watoto walioanza kuona muda mfupi tu walidanganyika vilevile. Hukumu nyingine, basi, zimo ndani ya mtu kabla hajaona chochote. Ibn al-Haytham alikuwa na haki kwamba kuona ni kuhukumu, lakini si kila hukumu hupatikana kwa mazoea.

Sasa swali lako la pili: alichokuwa akikijua kilikuwa nini?

Berkeley angekwambia alikijua kikombe cha mkononi, na sasa atajifunza kikombe cha machoni, kisha atavifunga pamoja kwa mazoea kama tunavyofunga jina na mtu. Siwezi kukubali, na nina sababu tatu.

Ya kwanza ni namna mkono wenyewe unavyojua. Tunazungumza kana kwamba umbo humwingia kipofu moja kwa moja kupitia ngozi. Mtazame mpwa wako akiishika mbuzi ya nazi. Ncha ya kidole chake haipati mbuzi. Inapata ubaridi wa chuma, meno ya ule ulimi moja baada ya jingine, kisha ulaini wa ubao uliokaliwa miaka, kisha ukingo, kisha upande wa chini. Vitu hivi vinakuja kwa kupokezana, na kati ya kimoja na kingine mkono umesafiri. Umbo la mbuzi ya nazi halikuwahi kuwepo kwenye ngozi yake hata dakika moja. Yeye ndiye aliyelijenga kwa kujua kwamba kutoka kwenye meno ukirudi nyuma utakuta kikalio, na kwamba ukiigeuza vitu hivyo vinabaki katika mpangilio uleule. Ujuzi wa umbo, hata wa mkono, ni ujuzi wa mpangilio na safari. Na jicho litalazimika kufanya jambo hilohilo: kusafiri juu ya kitu, kukizunguka, kujua kitakavyokuwa kikigeuzwa. Hisi zinatofautiana kweli. Ubaridi wa chuma hauna mfano machoni. Lakini umbo si hisi, na hapo ndipo Berkeley alipopotea.

Ya pili ni Nicholas Saunderson. Huyu alipofuka kwa ndui akiwa na mwaka mmoja hivi, na mwaka 1711 akapewa kiti cha uprofesa wa hisabati Cambridge alichowahi kukikalia Newton. Alifundisha jiometri, na alifundisha pia elimu ya mwanga na rangi kwa wanafunzi wenye kuona. Kama umbo la mkononi na la machoni lisingekuwa na chochote cha pamoja, wanafunzi wake wangekuwa wakijifunza somo moja na yeye akifundisha jingine. Leibniz aliliona hili: jiometri ya kipofu na ya mwenye kuona ni moja, ingawa picha za akilini mwao hazifanani.

Ya tatu ni wepesi wa kujifunza. Kama kila umbo lingetakiwa kufungwa upya na mwenzake, moja baada ya jingine, siku chache za maisha ya kawaida zisingetosha kuwapandisha watoto wale. Huunganishi upesi namna hiyo vitu visivyo na undugu.

Kuna ushahidi mwingine wa pembeni ambao mimi huupa uzito mdogo. Mwaka 1979 ilichapishwa habari ya watoto wachanga wa kama mwezi mmoja walionyonya chuchu bandia, laini au yenye vinundu, bila kuiona, kisha wakatazama zaidi ile waliyoinyonya. Waliojaribu kulirudia hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Mwaka 2020 nyuki wakubwa wenye manyoya walifundishwa gizani kwa kugusa kwamba matufe yana maji ya sukari na michemraba haina, au kinyume chake, kisha wakayatambua maumbo hayo kwenye mwanga, chini ya kioo, bila kuyagusa. Yaani tufe na mchemraba vilevile vya Molyneux! Lakini nyuki hao walikuwa wakiona na kugusa tangu zamani, kwa hiyo hawajibu swali la aliyezaliwa haoni.

Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ni wa Mwingereza mmoja aliyepoteza kuona akiwa na miezi 10 na kupandikizwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, akiwa na miaka 52. Richard Gregory na Jean Wallace walimchunguza kuanzia mwanzoni mwa mwaka 1959, wakamwandika kwa herufi S.B. tu. Shuleni alifundishwa herufi kubwa kwa kuzipapasa zikiwa zimechongwa. Herufi ndogo hakufundishwa. Walipompima, wiki kadhaa baada ya upasuaji, alisoma herufi kubwa kwa macho, na ndogo alishindwa. Saa ya ukutani aliisoma pia, kwa sababu miaka yote alikuwa na saa ya mfukoni isiyo na kioo, akipapasa mishale yake. Kwenye jumba la makumbusho la sayansi London walimwonyesha mashine ya kukerezea, kitu alichokuwa na hamu nacho maisha yake yote. Alipoitazama kupitia kioo cha kabati hakuweza kusema lolote la maana. Kabati likafunguliwa, akaipapasa yote huku amefumba macho, kisha akarudi nyuma kidogo, akafumbua macho, akasema kwamba sasa ameshaigusa, anaweza kuiona.

Herufi kubwa ni alama nyeusi juu ya karatasi nyeupe, imetengwa, haina kivuli wala nyuma. Jicho halihangaiki kutafuta mwisho wake. Palipokuwa na kitu kilichotengwa hivyo, ujuzi wa mkono ulivuka. Penye mashine iliyojaa vyuma juu ya vyuma, haukuvuka mpaka mkono uliposaidia. Ndiyo maana nasema, dada, kwamba mpwa wako akishindwa siku ya kwanza, si kwa sababu hajui kikombe. Jicho lake bado halijamtengea kikombe ili akijue. Alichokuwa akikijua kilikuwa kikombe chenyewe, hikihiki tunachokijua sisi, kwa upande mmoja.

Nimekaa na S.B. pia kwa sababu ya yaliyompata baadaye. Alikuwa fundi mchangamfu, akivuka barabara peke yake kwa fimbo yake. Baada ya kuona, magari yalimtia hofu asithubutu kuvuka. Rangi zilizochubuka na vitu vilivyochakaa vilimhuzunisha. Jioni nyingi alikaa gizani, bila kuwasha taa. Alifariki mwaka 1960. Alikuwa mtu mzima na mpwa wako ana miaka 9, kwa hiyo sikutishi, lakini nataka nyumba nzima ijue kwamba kupewa kuona ni kazi ngumu kwa anayepewa.

Kuhusu afya ya macho yenyewe, msikilizeni daktari wa macho wa watoto. Mimi ni mwalimu wa falsafa. Naweza tu kusema lililo wazi kwa wote: ubongo hupanga uwezo wake wa kuona katika miaka ya mwanzo. Hubel na Wiesel, watafiti wa ubongo waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwamba paka mchanga aliyefungwa kope za jicho moja katika wiki hizo za mwanzo hulipoteza jicho hilo hata likifunguliwa baadaye likiwa zima. Ndiyo maana mtoto wa jicho kwa mtoto mchanga hapaswi kusubiriwa, na ukimsikia jirani mwenye kichanga chenye weupe kwenye mboni, mhimize aende hospitali wiki hiyohiyo. Kwa mpwa wako, huenda asifikie kuona kwa ukali kama wa wenzake. Watoto wa Prakash, wengine wakubwa kuliko yeye, wanatuonyesha kwamba bado atapata mengi ya kumfaa. Na miwani au lenzi atakayopewa ni sehemu ya matibabu, kama ilivyo kurudi kliniki. Wazazi wengi huishia kwenye upasuaji.

Nyumbani, mwombeni mjomba asifanye mtihani. Najua anavyompenda, na najua jinsi watu watakavyojaa siku hiyo, kila mmoja na kitu mkononi: "Hiki nini? Na mimi nani?" Mtoto ataona mabaka, atasikia sauti ishirini, na atadhani ameshindwa. Afadhali awe na watu wawili watatu, kwenye mwanga wa kiasi, na kitu kimoja juu ya kitambaa kisicho na maua. Kisogezeni polepole mbele yake kabla ya kumpa. Mpeni akishike huku akikitazama, kama yule kijana na paka wake. Akifumba macho ili apapase, msimkataze; kwa kufumba anakitafuta kwa njia anayoiamini, kisha atarudi kutazama. Nyuso zitachelewa, pengine kwa miezi, kwa hiyo jitambulisheni kwa sauti kama zamani, bila kununa.

Kabla ya upasuaji, tumieni huu mwezi uliobaki. Mchongeeni herufi kubwa na tarakimu kwenye ubao au kadibodi ngumu, azizoee kwa vidole mpaka azijue bila kusita. Tafuteni saa ya zamani ya mishale, muondoe kioo, ajifunze kusoma saa kwa mkono. Kwa S.B. vitu hivi vilikuwa miongoni mwa vya kwanza ambavyo macho yake yaliweza kuvitumia.

Na siku ile, kama mjomba hawezi kabisa kuvumilia, mpeni jaribio la Leibniz badala ya lile la Molyneux. Wekeni chungwa moja na kipande kimoja cha sabuni ya mche juu ya shuka nyeupe, na mwambieni mtoto waziwazi: hapa kuna chungwa na kipande cha sabuni. Mpeni muda mrefu, bila mtu kumharakisha. Ningependa sana kusikia alisema nini, na zaidi ningependa kusikia alifikaje hapo, kwa maneno yake mwenyewe.